Salamu Maria Kumi

Lambwe, Homa Bay
Jumapili, baada ya misa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana Mama ameniambia goti la kulia limegoma tena, nami nakujua: ukiambiwa upumzike unatafuta kitu cha kubeba. Linaendeleaje sasa? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika? Na presha ya Mama je? Mimi huku ni mzima kabisa. Nala vizuri, nimenenepa hata ile sketi ya kijani ya Pasaka haifungi. Mvua inanyesha karibu kila siku na bonde lote limekuwa kijani. Asubuhi nikisimama mlangoni huwaona twiga wa hifadhi ng'ambo ya ua, wanakula majani kama watu wasio na kazi nyingine.

Utauliza mbona naandika badala ya kupiga simu. Kwa simu hatuelewani, Baba. Sikio lako moja limechoka, unaitikia "ehe, ehe" hata nikikuambia nimeumwa na nyoka, kisha Mama anakunyang'anya simu aulize kama nimepata mchumba. Nina habari ndefu na nataka ifike yote. Mwadime atakusomea. Wewe Mwadime, kaka yangu, soma polepole na usiruke mistari. Kuna mahali nitasema mambo yangu na Baba, hapo pia usome, usijifanye umekabwa na kikohozi.

Lakini kuna sababu nyingine. Mama ameniambia kwamba unataka kuupasua mkokoteni uwe kuni. Amesema uliketi uani ukautazama muda mrefu, ukasema umeuvuta miaka yote hiyo katika soko la Taveta na hukubakisha chochote ila goti bovu. Baba, nakuomba, weka shoka chini mpaka barua hii iishe. Ukimaliza kusikiliza, uamue mwenyewe.

Unakumbuka nilikuja huku kujifunza ufundi wa umeme wa jua kwa Fundi Ochola, mwenye duka dogo pale soko la Kisegi. Yeye ndiye aliyenitafutia pa kukaa hapa Lambwe, kwa mama mmoja mjane anayeitwa Jerusa, ili niwe karibu na kazi za bonde hili. Jerusa ni mwanamke mrefu, mkali wa macho na mpole wa mikono. Ni Msabato wa kweli: Ijumaa jua likizama, hata kijiko hakioshwi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Mimi Mkatoliki wake ananivumilia. Ananiita nyar Taveta, yaani binti wa Taveta, na sasa bonde zima linaniita hivyo, jina langu la Wakesho wamelisahau.

Jerusa anafuga kuku. Msimu huu wa mvua alitaka kulea vifaranga wa siku moja, wale wanaotoka Migori wakiwa kwenye maboksi, na vifaranga hao wasipopata joto hufa. Makaa yamekuwa shida na moshi unawaua pia. Nikamwambia mimi nitampa joto la umeme. Unajua mdomo wangu, Baba, hutangulia. Juu kidogo ya boma lake kuna kijumba cha mradi wa zamani wa maji. Pampu ilikufa, lakini paneli za jua bado ziko juu ya paa na betri zake kubwa ziko ndani, volti ishirini na nne. Kamati ya mradi ilituruhusu tuutumie umeme ule, ila betri zisihamishwe. Kuwaweka vifaranga mle ndani nako hakuwezekani, hewa ya betri ni mbaya. Kwa hiyo ilibidi umeme usafiri kwa waya kutoka kijumbani hadi kwenye banda la kuku, hatua karibu mia mbili. Waya nene hatukuwa nayo. Tuliyokuwa nayo ni nyembamba, ya zamani, iliyotolewa kwenye banda la samaki lililofungwa kule Karungu.

Nikatengeneza sanduku la mbao, nikalizungushia magunia. Kwa ajili ya joto nikachukua koili ya jiko la umeme lililokufa, nikaikata vipande vilivyo sawa, nikafunga kimoja ndani ya kopo lenye matundu. Kila kipande kina ukinzani wa omu nane. Ukinzani, Baba, ni ule ubishi wa waya, jinsi inavyozuia umeme usipite upesi. Ukipingwa, umeme unatoa joto. Basi kipande kimoja kikawaka, sanduku likapata joto kiasi, na Jerusa akaleta vifaranga arobaini.

Kipimajoto kilisimama kwenye ishirini na tisa, na kifaranga mchanga anataka thelathini na tano. Walikuwa wanasongamana pembeni wakilia. Nikampigia Fundi Ochola, alikuwa kazini mbali. Akasikiliza kidogo akasema, "Hiyo mzigo yako ni kidogo. Ongeza mzigo." Akakata simu.

Sasa sikiliza kosa langu, na ucheke ukitaka. Mafundi wakisema mzigo wanamaanisha kile kitu kinachotumia umeme, kama ile koili. Mimi nimekulia nyuma ya mkokoteni wako. Kwetu mzigo mkubwa ni ule unaokupinga, unausukuma na wenyewe hautaki. Kwa hiyo nikawaza: kuongeza mzigo ni kuongeza ukinzani. Nikachukua vipande vinne nikaviunganisha mkia kwa kichwa, kimoja kirefu, ili umeme upate ubishi mkubwa. Nikafunika sanduku, nikaenda kufua nguo nikiimba.

Vifaranga thelathini na mmoja walikufa siku ile.

Umeme, Baba, ni kinyume cha mkokoteni kwa neno hilo moja tu. Ukinzani ukizidi, umeme unaopita unapungua, na mzigo unakuwa mdogo, si mkubwa. Badala ya kuongeza joto nilikuwa nimelizima. Jerusa ndiye aliyefungua kifuniko. Alisimama pale akasema, "Yawa," neno lao la kushangaa na la kusikitika, kisha akaanza kuwatoa mmoja mmoja akiwaweka kwenye beseni. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Nilishika beseni, na nililia mpaka nikaona haya kwa wale tisa waliobaki.

Kesho yake Fundi alikuja na pikipiki, akatazama kazi yangu, akashika kiuno.

"Nani alikuambia ufunge hivi?"

"Wewe. Ulisema niongeze mzigo."

"Mimi nilisema uongeze mzigo, sikusema uongeze ubishi! Hizi vipande unapanga moja kando ya ingine, kila moja ipate njia yake. Umeme ikiwa na njia mingi, inapita mingi. Hiyo ndio mzigo kubwa. Umeelewa, ama nirudi na ubao?"

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimekasirika, Baba, si kwa sababu amenikaripia bali kwa sababu alikuwa na haki. Wewe unaijua hasira yangu hiyo.

Jerusa alikaa wiki nzima bila kutaja kuku. Kisha siku moja akarudi kutoka Migori bila mbuzi wake wawili wa mwisho. Alikuwa amewabadilisha na vifaranga mia moja, wataletwa Ijumaa. Tulikuwa tunachambua mboga. Akasema bila kuinua macho, "Nyar Taveta, hii nayo ikikufa, mimi kuku basi. Na wewe sitakufukuza, hapana. Lakini hapa Lambwe hakuna mtu atakupatia kazi ya umeme tena. Nakuambia kwa sababu wewe ni mtoto yangu."

Hiyo ndiyo wiki niliyokupigia simu, ukasikia sauti yangu ukasema, "Kama imekushinda, rudi nyumbani." Ulisema kwa upendo, najua. Lakini niliposikia hivyo niliapa kwamba sitarudi Taveta kwa kushindwa na kuku.

Ijumaa ikafika na mvua yake, baridi ya kuvaa sweta mbili. Vifaranga walikuwa waje saa tisa. Jua likizama, Sabato imeingia, na Jerusa asingeniruhusu kugusa hata bisibisi bomani mwake mpaka Jumamosi jioni. Kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuwa tayari kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Nami safari hii sikutaka mchezo. Kama vipande vingi kando kwa kando ni mzigo mkubwa, na mzigo mkubwa ni joto jingi, basi nitafunga vingi. Nilifunga kumi na sita! Sanduku lilijaa koili kama duka. Nikawasha, nikangoja nusu saa, nikachungulia kipimajoto.

Ishirini na tisa.

Baba, nilidhani macho yangu yana kasoro. Kilekile nilichopata siku ya kwanza kwa kipande kimoja. Nikagusa koili, kila moja ilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Lakini pale kijumbani kiungo cha waya kilikuwa cha moto, na betri zilikuwa zinaliwa upesi. Nilipiga sanduku teke. Bado kidole kinauma.

Nikampigia Fundi, alikuwa juu ya paa la mtu kule Karungu, upepo wa ziwa unavuma ndani ya simu. Akasema maneno machache tu, "Sasa umezidisha. Waya yako ya njiani nayo ina ukinzani. Tafuta mzigo ulingane na ukinzani ya njia, hapo ndio utapata nguvu yote inaweza kufika. Fanya hesabu." Mtandao ukakatika.

Fanya hesabu. Na nini? Ukinzani wa waya ile sikuujua, na kipimo changu upande wa omu kiliungua zamani, kinasoma volti tu. Saa kumi kasoro vifaranga wakafika, mia moja, wanalia ndani ya maboksi. Jerusa akawaweka jikoni karibu na moto, akaja kusimama nyuma yangu na mwavuli. Macho yake yalikuwa yanakwenda kwangu, halafu kwenye mawingu kulikokuwa na jua.

Nikaamua kuanza upya. Nikatoa vipande vyote kumi na sita. Nikashika kipimo kwenye ncha za waya pale bandani, bila mzigo wowote. Ishirini na nne. Nikafunga kipande kimoja. Kumi na tisa. Cha pili. Kumi na sita. Kila nikiongeza, volti zinashuka. Nikawa nasoma kwa sauti ili nisikosee, na nilipokuwa nasoma nikasikia sauti yangu inafanana na kitu ninachokijua. Ilikuwa sauti yako.

Hapa ndipo pale nilipokuambia, Mwadime. Soma.

Baba, unakumbuka safari zetu kutoka barabara kuu hadi yadi ya ndizi? Nilikuwa na miaka tisa, kumi, nasukuma nyuma, wewe unavuta mbele, na njia yote ulikuwa unasali Salamu Maria chini ya pumzi. Watu walidhani ni ibada tu. Ilikuwa ibada, lakini pia ilikuwa saa yako. Mkokoteni ukiwa mtupu, safari ile ilichukua Salamu Maria tano. Ukishapakia, ulitaka zifike kumi. Zikiwa saba ulisema, "Huu ni mzaha, ongeza mkungu." Zikifika kumi na tano ulisimama, ukashusha. Kumi. Nusu ya mwendo wa mkokoteni mtupu. Wenzako waliojaza mpaka magurudumu yakalia walikucheka, nao walikuwa wanapumzika mara tatu njiani. Wale wa mzigo mwepesi walikimbia kutwa nzima kama wanafukuzwa. Na jioni wewe ndiye uliyekuwa umefikisha ndizi nyingi kuliko wote. Nilikuuliza mara moja mbona ni kumi, ukaniambia, "Sijui, mwanangu. Nimejaribu zote. Kumi ndiyo inayofikisha."

Kisha nikaingia sekondari, na nikaacha kusukuma. Nitasema sasa kwa sababu niko mbali na sioni uso wako. Nilikuonea aibu. Siku ile nilipokuwa na wasichana wa darasa letu, ukapita na mkokoteni, nilijificha nyuma ya kibanda cha mitumba. Nilijua uliniona, maana ulisimama kidogo, ukaangalia upande mwingine, ukaendelea kuvuta ili nisipate taabu. Hukuwahi kunitajia. Nimebeba jambo hilo miaka yote hii na leo nalishusha hapa. Nisamehe, Baba.

Basi nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope ya Lambwe, kipimo mkononi, na nikaelewa kwamba volti ni mwendo. Mkokoteni mtupu ni ishirini na nne. Kila kipande ninachoongeza ni mkungu. Mzigo ukiwa mdogo umeme unakimbia lakini haubebi kitu. Ukiwa mkubwa mno, nguvu yote inaishia njiani kwenye waya, kama wale wenzako waliomaliza pumzi kabla ya yadi. Nilichotakiwa kutafuta ni nusu ya mwendo. Nusu ya ishirini na nne ni kumi na mbili.

Nikapiga kelele, "Kumi! Ni Salamu Maria kumi!"

Jerusa akashtuka. "Ang'o?" akasema, yaani nini. "Unaomba saa hii?"

"Siombi, Mama! Napakia!"

Nikafunga kipande cha tatu, kipimo kikasoma kumi na nne kasoro kidogo. Nikafunga cha nne. Kumi na mbili kamili, Baba. Nilikitikisa kipimo nikidhani kinanifurahisha tu, hakikusogea. Nikaweka kifuniko, nikakaa juu ya ndoo, na kwa kuwa sikuwa na saa mkononi nilisali zile zako ili nijue muda unaopita. Jerusa alisimama karibu na mwavuli wake akisikiliza Mkatoliki akisali Salamu Maria ndani ya banda lake la Kisabato, dakika chache kabla ya Sabato, na hakunizuia.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili nilipofunua. Thelathini na tano.

Jerusa alikisoma kipimajoto mara mbili, kwa macho kisha kwa kidole. Halafu akatupa mwavuli, akakimbia jikoni. Mama mzima wa umri wake, Baba, alikimbia kwenye matope na maboksi ya vifaranga kifuani. Tuliwamimina ndani. Mwanzoni walikwenda kusongamana pembeni kama wale wa kwanza. Kisha mmoja akatoka kwenye kundi, akajinyoosha, akalala kifudifudi ameacha mbawa zake wazi. Wa pili akafuata. Muda si muda walikuwa wametapakaa sakafu nzima, wengine wanakula. Kifaranga akitapakaa ana raha, akisongamana ana baridi. Jerusa alikaa chini papo hapo na nguo yake ya kanisani akasema, "Mano ber," hiyo ni nzuri, akarudia tena na tena. Jua lilipozama tulikuwa tumenawa mikono na mimi nilikuwa nimeifunga bisibisi ndani ya mfuko, Sabato ikatukuta safi.

Jumamosi alipokwenda kanisani nilitulia na kalamu nikafanya ile hesabu ya Fundi, kwa kuwa kuandika Jerusa hakunikataza. Vipande vinne vya omu nane, kando kwa kando, vinafanya omu mbili. Volti kumi na mbili zilifika kwenye koili, na zile kumi na mbili nyingine zilipotelea njiani. Kama nusu imebaki huku na nusu imeliwa kule, basi waya nayo ina omu mbili. Mzigo ni sawa na njia! Ndicho alichokuwa anakisema Fundi kwenye upepo, na mimi nilikipata bila kuupima ukinzani hata mara moja. Nikaendelea. Kwa kipande kimoja koili ilikuwa inapata wati arobaini na sita. Kwa vipande kumi na sita, arobaini na sita vilevile. Ndiyo maana kipimajoto kilirudi palepale. Kwa vinne, sabini na mbili, na hakuna idadi nyingine inayopita hapo. Nilijaribu zote kwenye karatasi kama wewe ulivyojaribu zote barabarani.

Fundi Ochola alikuja Jumapili. Alikagua koili, akakagua waya, akapima volti juu na chini. Akaniuliza ukinzani wa waya niliupima vipi na kipimo kibovu. Nikamwambia sikuupima, nilipakia mpaka mwendo ukawa nusu. Akaniambia ukweli kwamba nusu ya umeme inapotea njiani na siku tukipata waya nene tutabadilisha mpango, lakini kwa waya hii na betri hizi hakuna mtu duniani anayeweza kufikisha joto zaidi ya lile. "Hata mimi," akasema. Fundi Ochola kusema "hata mimi", Baba, ni kama Mama kukubali kwamba ugali wa jirani ni mzuri.

Sasa zimepita wiki tatu. Kati ya mia, wapo tisini na saba, wameota manyoya, wanarukiana, na sauti yao inanikosesha usingizi. Wanawake wa bonde wamekuja kuona. Wawili wametaka niwafungie hivyohivyo, na mmoja ana waya fupi, mwingine ana waya ndefu kuliko ya Jerusa, na haijalishi, kwa sababu naanza na mtupu kisha napakia mpaka nusu. Jerusa ndiye anayeshika kipimo. Jina la volti halitaki. Ananiuliza, "Maria ngapi sasa?" Juzi mzee wa kanisa lake alimsikia, akamwuliza tangu lini Msabato anahesabu Maria. Akamjibu, "Mimi niko Msabato, lakini hiyo Maria ya nyar Taveta usiniguse, iweke kumi."

Na kamati ya mradi nayo ilikuja, watu watano na daftari. Mwenyekiti wao alinitazama juu hadi chini, akauliza, "Wewe msichana, hii umesomea chuo gani?" Fundi alikuwa pale, na wanawake walikuwa pale, na nilikuwa na nafasi ya kutaja Kisegi au kutaja shule. Nikasema kwa sauti, ili hata wale wa nyuma wasikie, "Nimesomea Taveta, nyuma ya mkokoteni wa baba yangu." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaandika. Umo ndani ya daftari lao, Baba, mkokoteni wako umeandikwa Homa Bay.

Kuanzia wiki ijayo Fundi ananipa kazi ya Karungu, mabanda mawili ya kuku na taa za duka, peke yangu, yeye atakuja mwishoni tu kukagua. Kipimo kizima amenipa, cha kwake mwenyewe. Nimekiweka chini ya mto kama mtoto.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba hukubakisha kitu. Ulivuta maisha yako yote ukitafuta jibu ambalo mafundi wanalipata kwa hesabu, ukalipata kwa miguu yako na rozari, kisha ukaniachia mimi bila kujua. Shoka hilo mpe Mwadime akapasue kuni nyingine.

Nisalimie Mama, umwambie mchumba hajapatikana ila kipimo kimepatikana. Nisalimie Nyanya Mkanyika, na asisahau kula kabla ya kumeza dawa. Msalimie shangazi Wanjala muuza maharagwe, aliyeniambia umeme ni kazi ya wanaume. Salamu zake ziwe za pekee. Msalimie na Padre, umwambie Salamu Maria zimefika kwa Wasabato. Jerusa naye anakusalimu sana, anasema ero kamano, asante, kwa binti uliyempa. Huyu anayebeba barua amebeba pia kifurushi cha omena waliokaushwa; Mama awachambue vizuri, mchanga wa Karungu ni mkaidi.

Nitakuja Krismasi. Upake magurudumu mafuta. Tutautoa mkokoteni siku moja tu, mchana, katikati ya soko, pale pale penye vibanda vya mitumba, watu wote watuone. Wewe utakaa juu na goti lako, uwe ndio mzigo. Nitavuta mimi, wewe utahesabu.

Ni mimi binti yako, msukuma wako wa nyuma,

Wakesho